Goti Lililotikisa Daraja

Shangazi wa gazetini, shikamoo. Maji yamenifika shingoni na sina wa kumwambia, maana wenzangu hapa shule ya uhandisi wakilisikia hili watanicheka mpaka siku ya mahafali, kama hiyo siku nitaiona.

Mimi nasomea shahada ya pili na utafiti wangu ni wa madaraja, tumejenga kidaraja cha chuma chenye urefu wa kitanda cha mtoto, tukakibandika vihisi, yaani vile vidude vinavyonusa mtikisiko na kuupeleka kwenye kompyuta ukatokea kama mstari wa mawimbi, na kwa kuwa lile jukwaa la zege la kufanyia majaribio lilikuwa limekaliwa na mabomba ya watu wa maji, sisi tukakiweka kidaraja chetu kwenye meza ya mbao, meza hiyohiyo tunayoandikia na kutafunia karanga, tukasema ni kwa muda tu, nawe Shangazi unayajua mambo ya kwa muda tu.

Ninaposema sisi ni mimi na mwenzangu mmoja ambaye chuo kizima kinamwita Kimya, kwa sababu ukimsalimia asubuhi jibu unalipata mchana, ni mrefu, nadhifu, soksi zake zinafanana kila siku jambo ambalo kwa wavulana wa uhandisi ni muujiza, ila ana mambo yake ya ajabu, mfano chaja yangu ikikatika waya naikuta imeungwa na hasemi ni nani aliyeiunga, na kiti cha karibu na feni ananiachia mimi halafu yeye anakaa kule kwenye joto anatoka jasho, basi watu ndivyo walivyoumbwa.

Sasa tangu mwanzo mstari wetu ulikuwa na vijiwimbi vidogo vya harakaharaka visivyo na maelezo, mzigo hakuna, upepo hakuna, vijiwimbi vipo, tukakaza boliti, vipo, tukabadilisha nyaya, vipo, mpaka nikampelekea profesa anayetusimamia, mama mtu mzima anayestaafu mwaka huu, akavaa miwani akatazama, akaivua, akaivaa tena, akasema, "Wanangu, kitu hiki hakimo katika kitabu chochote," na palepale akakibatiza jina, Mtikisiko Mnyamavu, kisha akanishika mkono na machozi yakimlengalenga akaniambia, "Maisha yangu yote nimefundisha vitu walivyogundua wengine. Sasa na mimi nina changu."

Shangazi, juzi kalamu yangu ilianguka, nikainama chini ya meza kuiokota, nikaliona goti la Kimya linakwenda juu chini, juu chini kama cherehani ya fundi mwenye sare za shule za kumaliza, na linagusa mguu wa meza, nikainuka taratibu nikatazama kompyuta, vijiwimbi vinacheza, nikamwambia, "Hebu niletee maji ya kunywa," akaondoka mbio, vijiwimbi kwisha, akarudi akaketi, vijiwimbi hivyo, na miye nikayanywa yale maji mpaka mwisho na kiu yenyewe sikuwa nayo.

Lakini kinachonichanganya zaidi ni kwamba dada yangu alipojifungua nilikwenda kumsaidia wiki nzima, Kimya akabaki peke yake kwenye kiti kilekile, meza ileile, na wiki hiyo mstari ulinyooka kama rula, profesa akaja akakaa kwenye kiti changu kungoja mtikisiko wake, wapi, akamgombeza Kimya kwamba ameharibu mitambo, na yeye kama kawaida yake hakujibu, nami niliporudi tu nikaketi vijiwimbi vikarudi na profesa akanikumbatia, kwa hiyo nahisi labda wiki ile vihisi vilikuwa na hitilafu, sijui.

Mwisho wa mwezi ujao wanakuja wahandisi wakubwa na profesa anataka wauone Mtikisiko Mnyamavu kwa macho yao, nikisema ukweli namvunja moyo mama wa watu na utafiti wangu unaanza upya, na nyumbani mama ameshashona gauni la mahafali na ameshaambia ukoo mzima, nikinyamaza nitakuwa mwongo mwenye shahada, na Shangazi nitakuambia ukweli mpaka mwisho, nimewahi kufikiria nimkalishe Kimya pale siku ya wageni na nimwombe Mungu goti lisichoke. Nifanyeje?

Mimi, Mhandisi Mtarajiwa

*

Marahaba, mwanangu. Nimecheka mpaka mhariri akaja kuniuliza kama nimepatwa na nini. Sasa nimemaliza kucheka, kaa vizuri nikugombeze.

Kwanza, nani aliyewaambia kipimo cha mtikisiko kiwekwe kwenye meza ya karanga? Mnakaza boliti, mnabadilisha nyaya, na magoti yenu wenyewe hamyatazami. Kikulacho ki nguoni mwako, na chenu kilikuwa kwenye suruali.

Pili, hilo wazo la kumkalisha kijana mbele ya wageni atetemeke kwa ratiba, lifute leo. Unacheka, lakini wale wageni ndio wanaojenga. Wakiamini madaraja yana mtikisiko huo, kesho watazidisha chuma mahali pasipohitaji na kupunguza panapohitaji, na watu watapita juu yake na watoto mgongoni. Njia ya mwongo ni fupi, na ya mwongo wa madaraja huishia mtoni.

Nakuonea huruma, na yule mama namwonea huruma zaidi. Lakini hebu pima mwenyewe: aambiwe na wewe, mlango umefungwa, au aambiwe na mgeni mmoja mwenye kiherehere atakayeinama kuokota kalamu yake? Kesho asubuhi nenda kwake. Usiende na maneno matupu, mwombe aje maabara, mlihamishie daraja kwenye jukwaa la zege, na kama mabomba bado yamelala pale, wenyewe wayaamshe. Aone mstari ulionyooka. Kisha useme "tulikosea," usithubutu kusema "alikosea." Atalia, mletee kiti. Mtu aliyefundisha maisha yake yote anajua kujifunza, na mwalimu anayestaafu akiwa amemfundisha mwanafunzi kumwambia ukweli usoni, huyo ana chake. Mwambie hivyo, na umwambie kwa maneno yako, si kwa yangu.

Mama yako naye mpigie leo. Gauni halichachi.

Lakini kabla ya profesa, zungumza na Kimya, faraghani, maana si haki asikie habari za goti lake mbele ya watu. Na hapa, Mhandisi Mtarajiwa, nimeshika kichwa. Umesema alipokaa peke yake mstari ulinyooka, yaani goti lilitulia. Alipokaa na profesa, lilitulia vilevile. Uliporudi wewe ukaketi, cherehani ikaanza. Unaniambia vihisi vilikuwa na hitilafu? Vihisi ni vizima, mwanangu, mwenye hitilafu ni wewe. Ulichopima muda wote huu si daraja. Chaja, feni, maji ya kunywa aliyoyakimbilia kama anakwenda kuzima moto, vyote umeviandika kwa mkono wako, ukaviita mambo ya ajabu.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hawakutuambia kwamba mengine hushukia gotini.

Sikulazimishi umpende. Kama humtaki, mwambie kwa upole, kisha mbadilishane viti, kazi iendelee. Ila nimeirudia barua yako: daraja lenyewe umelieleza kwa kipimo cha kitanda cha mtoto basi, lakini soksi za Kimya unazijua za kila siku. Mwenye macho haambiwi tazama.

Basi mtoe nje ya maabara, mkakae kwenye benchi la saruji, mbali na kipimo chochote cha serikali, na umwambie kwamba goti limeshasema vya kutosha, sasa ni zamu ya mdomo. Akichelewa kujibu, msubiri. Kama ulivyosema mwenyewe, jibu lake hufika mchana.