L ya Limuru

Mwalimu Salim,

Shikamoo. Nimemkomesha yule mtu. Naanza na hilo kwa sababu ulikuwa unatuambia habari kubwa ikae juu ya ukurasa, na tangu tukuzike mwaka jana sijapata habari kubwa kuliko hii. Mwenyekiti wa klabu ameaibika mbele ya watu wake wote, mbele ya bibi yake na watoto na pasta aliyemwalika mwenyewe, na mimi Kimotho ndiye nimemwaibisha. Kisasi kitamu, Mwalimu, mtu asikudanganye. Nilitembea Thika siku mbili nikicheka peke yangu kama mwendawazimu. Ya tatu kicheko kikaniisha, na ndiyo sababu nakuandikia.

Usinikasirikie kwa Kiswahili changu. Kalamu yako nyekundu ingekuwa imeshachoka hapa juu. Leo iweke chini kidogo unisikize, aki.

Siku hizi nina studio Mwihoko, chumba kimoja, picha za pasipoti na za wanafunzi wakimaliza chuo. Wikendi napiga picha za ruracio, zile sherehe zetu za mahari, na za harusi. Watu hawanijui kama mtu wa gazeti. Nikisema niliwahi kuwa mpiga picha wa Filimbi, vijana wananiuliza Filimbi ni nini, na wazee wanacheka. Wewe unajua wanacheka nini.

Mimi nakumbuka mengine. Nakumbuka ile ofisi yetu juu ya duka la dawa za mifugo, vile ilikuwa inanuka dawa ya kupe mpaka chai ikawa na ladha ya ng'ombe. Kila Jumatatu kurasa nane, timu za mtaani tu, zile ambazo magazeti makubwa hayangezitazama hata kwa bahati mbaya: vijana wa viwandani, vijana wa Kiuu, wale wa Mwihoko waliokuwa wanacheza na jezi za rangi mbili kwa sababu za rangi moja hazikutosha. Yule mama wa kibanda cha uji alikata picha ya kijana wake akifunga bao, akaibandika juu ya jiko, na moshi ukaila taratibu hadi ikabaki miguu. Uliniambia hiyo ndiyo tuzo yangu, nisingoje nyingine.

Na nakumbuka masomo. Wewe mtu wa Majengo, umezaliwa na Kiswahili mdomoni, na mimi Mkikuyu wa Gatundu ambaye L na R kwangu ni mapacha. Kila asubuhi kabla ya chai: "Kimotho, sema, lori la Ruiru limelala Limuru." Nami nasema, rori ra Luilu rimerara Rimulu. Ulikuwa unavua miwani ukifuta machozi. Hukunicheka vibaya hata siku moja. Ulikuwa unasema, "Ulimi ni kama mguu wa kushoto, ukiuzoesha utapiga mpira." Nikaenda nyumbani nikawa nazoesha. Bibi yangu aliniuliza kama nimeokoka, ati naongea na ndimi.

Sasa nataka kuisema ile Jumapili. Tangu siku ile sijaisema kwa mtu, na wewe hukutaka tuirudie.

Klabu ilikuwa na uchaguzi baada ya mechi, pale uwanjani Ruiru. Wachezaji wakainua mikono na Mwenyekiti akapita bila mpinzani. Nikampiga picha akiwa amenyoosha mikono juu kama mtu aliyeshinda vita. Nikampiga na nyingine pia, nyuma ya goli, pikapu yake ikipakiwa magunia ya unga. Ule unga uliletwa asubuhi na watu wa kinu, na magunia yalikuwa yameandikwa kwa rangi, KWA WACHEZAJI. Nikakimbia saiba, kwenye kompyuta za kukodi, nikakutumia zote mbili. Wewe ulikuwa kwa mitambo ya kuchapa Thika, mnaningoja mimi tu. Ukanipigia mara hiyo hiyo. Ile ya pikapu ukaikataa. "Picha inaonyesha magunia yakipanda gari. Haionyeshi yalishukia wapi." Nikabisha. Ukasema gazeti si mahali pa kukisia, leta maneno ya ile ya mikono.

Kabla niyaandike, stima ikapotea. Saiba nzima giza. Nikapiga simu, akashika fundi wa mitambo, kwa sababu wewe ulikuwa umetoka kuswali magharibi. Nikamsomea: Mwenyekiti achukua kura zote za wachezaji. Akaniuliza, "Kura ama kula?" Mwalimu, sikia vile nilivyokuwa na kiburi siku hiyo. Nilikuwa nimezoesha wiki nzima. Nilijua kila mahali ulimi wangu unapotaka kusema R, ukweli ni L. Nikamwambia, kula. Akauliza tena, maskini, "L ya Limuru ama R ya Ruiru?" Nikajibu kwa sauti, watu wote wa saiba wakisikia, L ya Limuru bwana, hiyo nimefunzwa na Mwalimu mwenyewe.

Uliporudi kutoka msikitini ukurasa ulikuwa umeshapita.

Jumatatu Thika nzima ilikuwa imeshika tumbo. MWENYEKITI ACHUKUA KULA ZOTE ZA WACHEZAJI. Kumbe watu walikuwa wanajua habari ya unga, wakadhani tumemchoma makusudi kwa Kiswahili kibovu. Na yeye akadhani vivyo hivyo. Anayejikuna ndiye anayewashwa. Akaja na wakili, akaja na rafiki zake wenye maduka, wakaondoa matangazo yao moja moja kama watu wanaong'oa maharagwe. Mwenye mitambo alikuwa mtu wake wa kanisani, akatuambia tutafute kwingine. Nikakwambia, Mwalimu, wacha niende nikawaambie ni mimi. Ukanishika mkono, ukasema, "Nyamaza. Mhariri ndiye mlango wa mwisho. Kikipita kwangu ni changu." Ukaandika ule msamaha kwenye toleo la mwisho: kosa la herufi ni langu mimi mhariri.

Nami nikafurahi. Wacha niseme ukweli. Nilitoka ofisini nikiwa mwepesi, nikanunua mahindi ya kuchoma nikala nikitembea. Filimbi ikafa, na mimi nikaona nimepona.

Wewe hukupona. Mtu aliyekuwa anasahihisha hotuba za harusi za mji mzima akawa anaitwa Mwalimu Kula. Ile shule uliyokuwa unafundisha vipindi ikasema wazazi wananung'unika. Watoto wa Majengo, wa Majengo kwenyewe, wakikuona unatoka dukani: "Mwalimu, kura ama kula?" Na wewe unawajibu salamu. Miaka yote hiyo hukuwahi kumwambia mtu. Ulipougua kifua nilikuja mara mbili, tukaongea mpira.

Mwenyekiti hakuja kukuzika. Mwezi mmoja baadaye klabu ilikuwa na sherehe, na mimi nimeitwa kupiga picha. Akasimama na maikrofoni akasema, "Tumempoteza Mwalimu Kula. Mungu amlaze pema, na huko wampe sahani." Watu wakacheka na soda mikononi. Ngai! Niliuma ulimi mpaka nikaonja damu. Siku hiyo nilijiapiza kwamba huyu mtu nitamkula mzima mzima, bila chumvi.

Nikangoja. Kungoja najua, ni kazi ya mpiga picha. Na Mungu si Athumani: mwaka huu wanajenga jukwaa pale uwanjani Ruiru, wanataka kuliita kwa jina lake. Sherehe ikapangwa katika ukumbi Thika, Jumamosi iliyopita. Binti yake akaja Mwihoko mwenyewe, mtoto mzuri, mwenye heshima, ananiita uncle. Akaniomba picha za zamani za baba, zionyeshwe ukutani watu wakila. Nikamwambia, mama, zipo nyingi, ngoja. Nikazipanga kwa mkono wangu. Mwenyekiti na kombe. Mwenyekiti na mikono juu. Halafu ile ya pikapu. Halafu Mwenyekiti na pasta. Mtoto akaenda akinishukuru. Hiyo tu ndiyo inaniuma kidogo.

Ungeona ukuta ule, Mwalimu! Maandishi yakaja makubwa kuliko mlango: KWA WACHEZAJI. Na yeye kando, mkono juu ya gunia, anacheka. Nikasikia kijiko kikianguka. Halafu Wafula akasimama, unamkumbuka golikipa wetu yule mrefu, sasa ana mvi. Hakupaza sauti. Akasema, "Hayo magunia yalishukia dukani kwake, Kiuu. Mimi ndiye niliyabeba mgongoni. Jioni hiyo tulilala njaa." Haiya! Wakaanza kuinuka, mmoja na mwingine, vijana wa zamani wenye matumbo ya uzee, kila mtu na yake. Mwenyekiti akabadilika rangi mpaka nikahurumia kamera yangu. Nikapiga picha. Nilipiga kama mtu anayechuma pilipili za jirani.

Basi ningeishia hapo. Lakini yeye akanyakua maikrofoni, jasho likimtoka, akasema, "Hii ni fitina ya yule Mwalimu Kula. Mtu asiyejua hata kura na kula, leo mnaamini gazeti lake?"

Na wakacheka, Mwalimu. Watu wale wale waliokuwa wamekasirika. Si wote, lakini walicheka, na hasira ikapungua kama maziwa ukiyatoa motoni. Hata Wafula alitabasamu. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwa ile maikrofoni. Ningesema neno moja tu. Nikaweka kamera usoni nikaendelea kupiga. Ukiwa nyuma ya kamera hakuna anayekuuliza kitu.

Siku ya tatu ndipo niliona kwamba miaka hii yote yule mtu amekuwa akijikinga na wewe. Kila akiguswa anainua jina lako, watu wanacheka, anapita. Na ile ngao nilimpa mimi. Nilimpa kwa simu, nikamtajia herufi yake.

Jumatatu jioni ndipo nikajikaza nikaenda Majengo kwa Mama Zuhura. Nilimkuta mlangoni anachagua mchele kwenye ungo. Nikakaa kwenye kile kigoda chako. Nilidhani atakuwa anajua, mke na mume, kuna siri gani. Nikamwambia yote, saiba, stima, fundi, L ya Limuru. Hakuinua macho. Akatoa kijiwe, akatupa, akatoa kingine. Halafu akasema, "Hata mimi nilimcheka."

Ati mlipokuwa mnagombana kidogo, mambo ya nyumbani, alikuwa anakuuliza, kura ama kula? Hata ulipokuwa mgonjwa, anakuletea uji anakutania hivyo hivyo, na wewe unacheka naye. Hukumwambia hata yeye. Mwalimu, ulininyamazia mpaka kwenye kitanda chako. Mama Zuhura akaniambia niende, akaniambia kwa adabu, na sijui kama atanifungulia tena.

Sasa nimeelewa nitammaliza vipi yule mtu. Wachezaji wote, wa zamani na wa sasa, wamejiita uwanjani Ruiru Jumamosi hii waamue kama atabaki na kama jukwaa litabeba jina lake. Wafula ameniomba nije na ile picha. Nitakuja nayo. Lakini kabla ya picha nimemwambia anipe kipaza sauti, na ameniuliza cha nini, nikamwambia utaona.

Nitawaambia ni mimi. Nitawaambia saa na mahali, na vile fundi aliniuliza mara mbili, na vile ulivyokataa picha ya pikapu kwa sababu hukutaka kumwonea hata mtu wa namna hii. Nikimaliza hapo, jina lako atalishika wapi tena? Atabaki na unga wake peke yake mbele ya watu aliowalaza njaa. Simwonei huruma. Wewe ungemwonea, najua, na ndiyo maana ulikufa na aibu ya mtu mwingine. Mimi sina moyo huo, na sitajifanya ninao. Nataka aondoke akiinamisha kichwa, na nataka niwe pale nikimtazama kwa macho yangu, kamera ikiwa begani.

Mama Zuhura nimemtumia ujumbe aje. Hajajibu.

Lala salama, Mwalimu wangu. Mungu wako na wangu wakuangalie vizuri. Naogopa, sikufichi. Sijawahi kushika kipaza sauti maishani, na nikiogopa ulimi wangu unarudi Gatundu. Nitasema kula mahali pa kura na kura mahali pa kula, lazima. Lakini naahidi sitashuka mpaka niwe nimemaliza. Na wakicheka, safari hii watanicheka mimi.

Wako,
Kimotho wa kamera