Kilo za Kunirudisha Nyumbani

Doha, Katari

Baba Mheshimiwa,

Kwa unyenyekevu nakuamkia, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta na nguvu zako, na kwamba kifua cha Mama kimepata nafuu. Mimi ni mzima. Uzima huo ndio ulionilazimu kushika kalamu.

Kampuni yetu ya ulinzi hupima walinzi kila mwaka, na anayezidi uzito uliowekwa hurudishwa kwao. Mwaka huu mizani ilinikuta nimezidi. Bwana Laban, msimamizi wetu, uliyemwomba kwa simu anitunze kama mdogo wake, aliwasihi wakubwa wanipe muda nipungue, nao wakakubali.

Tangu hapo sina pa kupumulia. Alfajiri, kabla jua halijawa kali, Laban hunigongea mlango tukimbie kuizunguka kambi. Mezani huniondolea ngozi ya kuku na kuengua mafuta yanayoelea juu ya mchuzi, akinieleza kwamba mbio pekee hazitoshi iwapo mdomo unarudisha kile ambacho miguu imeondoa. Hata Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko na ibada, tukitoka kanisani Mesaimeer, amewaonya akina mama wasinipe mandazi. Twaha, mtu wa Tanga ninayelala naye chumba kimoja, alimwambia kwamba hata mbuzi wa Idi hachungwi namna hii, akamwuliza kama mahari yangu imekwisha kutolewa. Suruali sasa zinanivuka. Laban ananisifu mbele ya wenzangu, na wakubwa wametamka kwamba nikipita wataniongezea mkataba.

Baba, sasa naungama. Sikunenepa kwa bahati mbaya. Nilikula mafuta kwa makusudi, nikaacha mpira, nikapanda lifti hata kwa ghorofa moja, ili mizani inikatae. Kutwa nasimama kwenye mlango wa jengo la vioo kule Lusail, nikiwafungulia watu wasioniona. Jioni basi hunirudisha kambini, na kesho ni vivyo hivyo. Siwezi tena. Lakini kanisa zima lilinichangia safari, nawe ukasimama mbele yao ukaniita tumaini la ukoo. Nikiacha kazi nitaitwa aliyeshindwa, nawe utaitwa baba yake. Aliyekataliwa na mizani hana wa kumlaumu.

Laban hana kosa. Ananiokoa kwa kuwa wewe ulimwomba. Hivyo naleta kwako ombi moja: mpigie tena, umwambie aache kunitunza. Au niite wewe mwenyewe, Baba. Mwana aliyeitwa na mzazi haulizwi kwa nini amerudi.

Mfikishie Mama heshima zangu, na dada Jerusha na wanawe salamu za upendo.

Ni mimi mwanao mtiifu,
Kioko