Mama Alimtaka Svetla

Kaka Rumen,

Huku Plovdiv hatujambo, ila tumechoka. Pilipili za kuhifadhi kwa msimu wa baridi nimechoma nusu tu, maana kila Jumamosi kikundi chetu cha wanawake tunaopenda wanawake kinawapima wanawake matiti hapa kwangu, pamoja na daktari anayejitolea.

Mwezi uliopita aliingia Mama, ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga kwangu. Alinipita kama hanioni, akamwambia Svetla wangu, "Nina uvimbe. Zahanati ya kijijini wananigombeza tu."

Svetla alimshika mkono mpaka daktari akamaliza. Mama akamtazama.

"Wewe ndiye unayeishi na binti yangu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Unamlisha nini? Amekonda."

Majibu yametoka, Rumen. Ni saratani, na upasuaji ni kesho. Nilitaka kumpeleka mimi, akakataa, anamtaka Svetla. Mimi kaniachia kuku wake hapa uani niwatunze.

Leo asubuhi nimewalisha, nikakaa bandani nikalia kidogo, kisha nikaokota mayai. Usinipigie tena kunikaripia kuhusu maisha yangu. Ukisoma tu barua pepe hii, mpigie Mama, kabla yeye na Svetla hawajaondoka kwenda hospitali.

Dada yako,
Nevena