Nimemtilia Mke Wangu Unga Kwenye Supu, Naye Anazidi Kupona

Bi Martina, shikamoo mama. Naomba unisikilize kabla hujanihukumu, maana jambo hili sijamwambia hata paroko.

Mimi ni Fransisko, mkulima wa kabichi na njegere huku Mgeta, mke wangu Editha anafundisha hesabu shule ya msingi, na mwaka huu baada ya Pasaka alipata homa kali ya virusi, homa ikaisha lakini kichwa hakikurudi sawa, mikono ikawa inapata ganzi, anasimama mbele ya ubao anatafuta neno "gawanya" halipati, kisha akaanguka kifafa mara mbili, mara ya pili jikoni karibu na moto, ndipo hospitalini mjini wakasema virusi viligusa ubongo, wakampa vidonge vya asubuhi na jioni.

Baadaye mwalimu mwenzake, Upendo, akamwonyesha kwenye simu habari za mlo wa mafuta mengi bila wanga, basi ugali ukakoma, ndizi zikakoma, viazi navyo, yeye ni mayai, parachichi na nyama ya nguruwe, na kweli mama, baada ya wiki tatu akaanza kuchangamka, ila alikonda hadi sketi za kazini zikawa zinamdondoka, nami nikaogopa, na niseme ukweli wote, nilitaka pia kujua kama ni chakula kweli au ni nini, nikawa namtilia unga wa muhogo kwenye supu bila yeye kujua, mwezi mzima.

Hakuanguka. Alizidi kupona! Lakini Jumapili tukitoka kanisani akaniambia, "Frans, chakula kimeniponya. Jumatatu ijayo naacha vidonge." Nikimwambia chakula sicho, ataniuliza nimejuaje. Nikinyamaza, anaacha dawa. Nifanyeje?

Fransisko, Mgeta

Marahaba, Fransisko. Barua yako sikuiacha isubiri zamu yake gazetini. Namba ya simu uliiweka, nikakupigia siku ileile. Wasomaji nao wasikie nilichokuambia.

Hofu yako naielewa. Aliyemwona mkewe akianguka karibu na moto hawezi kutulia. Lakini umemkosea. Mgonjwa ana haki ya kujua kinachoingia kinywani mwake, na wewe umemficha mwezi mzima huku ukimtazama kama kuku wa majaribio.

Na hilo jaribio lako, bwana mdadisi, halijakuonyesha kitu. Mkeo anameza vidonge, anapumzika, miezi inapita, anakula mafuta, nawe unatia unga. Utajuaje kipi kimemsaidia? Yeye anasema ni chakula, hajui. Wewe unasema sicho, hujui pia. Nami swali lenu lilinikosesha raha, nikamuuliza daktari mmoja wa magonjwa ya ubongo. Akasema mlo huo upo kweli hospitalini, hupewa baadhi ya wagonjwa wa kifafa, hasa watoto ambao dawa hazijawatuliza, tena kwa vipimo na usimamizi. Kwa waliobaki na shida za kichwa baada ya virusi, watafiti bado wanauliza kama ninyi. Alichokuwa na hakika nacho ni kimoja: kuacha vidonge ghafla kunaweza kurudisha kifafa, tena kikali.

Ndiyo maana nilikuambia, mwambie leo. Jana ukanipigia.

"Nimemwambia, mama."

"Akasemaje?"

"Alitoka, akakaa bandani na mbuzi saa nzima. Aliporudi akaniuliza, 'Vijiko vingapi?' Nikasema viwili. 'Kila siku?' Kila siku. Akasema, 'Basi hata mimi sijui kilichoniponya.' Hajanisemesha tena, lakini vidonge anameza."

Huyo ndiye mwalimu. Amekasirika na bado anataka kujua. Sasa fanyeni hivi. Alhamisi mteremke wote wawili hadi hospitalini, mkiwa na vidonge na karatasi yenye kila alichokula, unga wako ukiwemo, uandike kwa mkono wako. Mwambieni daktari habari za mlo bila kuona haya, na kuhusu kukonda kwake. Dawa ikipunguzwa, ipunguzwe na daktari. Msamaha usimdai, utakuja kwa wakati wake. Na sufuria ya Editha usiiguse mpaka akuombe mwenyewe.