Karbirateri Uliyoiacha Juu ya Gunia

Mwipwa wangu Chola, mutoto wa dada yangu,

Kutoka Kabuta mpaka Nchelenge, hakuna mutumbwi unaingia mu maji mbele mimi sijaangalia mawingu. Hata bwana mukubwa wa boma akitaka kuvuka, anatuma mutu kuniuliza kwanza. Kwa hiyo ukipata hii barua huko Elisabethville, usiisome umekaa. Simama.

Unakumbuka ile tukutuku yangu, pikipiki yenye kulala nyuma ya nyumba? Muzungu mununuzi wa samaki aliniachia mbele ya vita kuanza, kwa sababu nilimutoa mu meno ya mamba. Nilimushika mamba mukia, nikamuzungusha mara mbili, akatapika kiatu na muguu wa muzungu ungali ndani, muzima. Weye ulikuwa unacheka kila mara nikifika pa muguu. Cheka. Kuku balitagia juu ya kiti chake miaka yote ile, lakini ilikuwa tukutuku, na mwenyewe ni mimi.

Kisha ukarudi na karatasi yako ya mekanisiye, fundi wa mashini, unatembea kama mutu amemeza fimbo. Ukafungua karbirateri, kile chuma cha kupelekea mashini petroli, kwa kisu changu. Ndani uchafu kijani kama mavi ya bata, na manyigu yamejenga nyumba ya udongo mu mudomo wake. Nikasema, "Leta muchanga, tusugue kama sufuria." Ukaniangalia mimi, ndugu wa mama yako, kama mutu anaangalia kambale aliyeoza.

"Bayama, muchanga utaiua. Hii inaoshwa na petroli, na mu kale katundu kadogo tunapitisha unyoya wa kuku."

Unyoya wa kuku! Ukapanga vyuma juu ya gunia la unga, kimoja kimoja, kama katekista anapanga batoto ba ubatizo. Mwisho ukaweka kale kaboya ka shaba, kenye kuelea ndani na kufunga petroli ikijaa. "Bayama, mutu asiguse." Mutu! Ukaenda kunawa ku ziwa. Mimi nikabaki hapo natengeneza wavu wangu kwa mafundo yangu ya mara tatu, ambayo hakuna mwanaume mwingine ku ziwa hili la Mweru anajua kuyafunga. Nilijaribu kukufundisha, vidole vyako vikakataa. Vidole vya karatasi.

Uliporudi, kaboya hakakuwako. Nikapiga kelele mbele ya batu bote benye kukausha samaki: "Mwizi! Mwipwa wangu amekaficha akauzishe ku Kasenga!" Weye ukasema tu, "Nilikaacha juu ya gunia, Bayama," ukafunga mufuko, ukapanda mashua, mikono ingali inanuka petroli. Mwanaume gani hawezi hata kubishana na mujomba wake?

Tangu siku ile mama yako hanisalimii. Ananipita ku njia kama anapita nguzo. Anasema nikifa, hakuna mutoto wake atafunga mukaba wangu kunirithi, nizikwe nao. Mukaba wa mutu kama mimi, uoze! Mukaba unangoja mwipwa, na mwipwa niliye naye ni mumoja tu, fundi wa unyoya.

Basi mwezi huu nilisafisha karbirateri peke yangu, bila karatasi ya mutu. Nilipuliza kale katundu mpaka masikio yakalia, udongo wa manyigu ukanijaa mudomo. Sasa inang'aa. Ndiyo, nilitumia unyoya, lakini ulikuwa wa jogoo. Shida ni kaboya. Bila kenyewe petroli inamwagika chini kama pombe mu mukono wa mulevi, na tukutuku haitoi hata kikohozi.

Juma iliyopita nilivuta wavu wangu wa zamani, ule wa siku ile. Katikati ya maboya ya miti, kamoja kalikuwa kanang'aa. Nilikaa nakaangalia mpaka jua likanichoma shingo. Ningeweza kusema ni samaki balikaleta. Batu benye kumeza mamba wangu bangemeza na hayo.

Kako hapa mu mukono wangu. Sijui upande gani unakaa juu. Vuka uje unioneshe, na mimi nitasema mbele ya bale bale benye kukausha samaki, kwa sauti ile ile.

Mungu akulinde ku maji, acha kutembea kama fimbo. Fundo lenye kukashika mu wavu, Chola, lilikuwa la mara tatu.

Bayama wako,
ndugu wa mama yako