Msichana wa Zeze na Nafasi ya Skola

Jumatatu, 9 Januari 1995

Skola, huna adabu. Majani ya tumbaku yamelala kivulini tangu asubuhi yananyauka, fito za kuyafungia ziko tupu, na wewe uko kwenye banda la video la Bosco unamlilia mtoto wa kuchorwa. Wa kuchorwa, si mtu. Nimekufuata mpaka mlangoni. Nimekuta wasichana wa Ilembo yote wamekaa kwenye magogo, wanafuta machozi na khanga za mama zao. Hakuna aliyefiwa.

Nimefunga majani peke yangu. Vidole vyeusi kwa utomvu. Naandika navyo hivyohivyo. Kisomo cha watu wazima ndicho kilichonipa kalamu, nami naandika ili nisimpige mtu.

Jumatano, 11 Januari

Nimeingia bandani mwenyewe. Nilitaka kuona ni kitu gani kinamharibu mjukuu wangu.

Ni katuni ya Wajapani. Kanda zimetoka Bujumbura, zinasema Kifaransa. Hapa anayekijua ni Bosco tu, alikulia huko. Anasimama kando ya televisheni na kifimbo, anatueleza. Kwa hiyo Kiswahili chote cha mle ndani ni cha Bosco.

Msichana ni yatima. Mama yake kamwachia zeze la Kizungu, lile la kuweka begani, naye anataka kuingia shule ya wapiga zeze. Macho makubwa kama ya ndama. Upepo hauishi. Maua yanaanguka mpaka ndani ya nyumba na hakuna anayefagia. Hakuna anayepika pia, wanakunywa chai tu. Mama wote wamekufa. Mabibi wamechorwa migongo tu, hawana hata sura. Halafu kuna kijana wa nywele ndefu, mgonjwa wa kifua, kazi yake kuangalia dirishani. Hasemi. Msichana akimwona anasahau zeze. Kijana wa namna hiyo kwetu angetumwa kuni.

Nimetoka na hasira.

Ijumaa, 13 Januari

Nimerudi. Nisijidanganye, nilitaka kujua.

Niseme haki. Aliyechora vile anaijua mikono. Msichana anajifunza mpaka vidole vinapasuka, anavifunga kitambaa, anaendelea. Mwenzake, yule tajiri anayeshindana naye, kamletea dawa ya vidole. Kamwambia, nataka nikushinde ukiwa mzima. Hiyo nimeipenda sana. Wasichana wawili wanagombea kazi, hawagombei mwanaume. Na hasira wanaichora vizuri. Mtu ananyamaza, uso unajaa televisheni nzima, unaona koo linameza. Marehemu mume wangu sikuwahi kumsoma uso namna ile.

Ila kila siku kanda inakatwa penye kilio. Makusudi. Ili urudi.

Jumapili, 15 Januari

Leo ilikuwa kanda ya mwisho. Msichana kapata nafasi shuleni, kijana naye kazidiwa. Bosco akatutangazia: ameiacha shule amuuguze, mapenzi ya kweli ni kujitoa. Banda zima kilio.

Tumefika nyumbani, mwanangu Deus kakaa kizingitini kashika mgongo. Unamuuma tangu mavuno yaanze. Mama yake Skola alishaenda zake, mikono iliyobaki ni ya Skola na yangu. Mtoto kapiga magoti mbele ya baba yake, majirani ndio wanatoka kanisani, kasema, "Baba, siendi Tabora. Nafasi yangu naiacha. Nitabaki nikufungie tumbaku." Chozi moja likashuka. Moja tu, kama kwenye kanda. Majirani wakamsifu. Mtoto ana moyo huyu. Mtoto wa kweli huyu.

Deus akanyamaza. Nimekuzaa, Deus. Ulinyamaza kwa sababu ilikufaa.

Skola ndiye msichana pekee shuleni kwao aliyechaguliwa sekondari. Treni ni Alhamisi. Asiporipoti, nafasi anapewa mwingine, na tumbaku haitampa nyingine.

Jumatatu, 16 Januari

Nimemwendea Bosco. Nikamwambia, mimi niliangalia picha, sikusikiliza mdomo wako. Yule msichana alitikisa kichwa. Akatoka mlangoni na zeze mkononi. Anayeliacha analibeba la nini?

Bosco akacheka. "Bibi, kanda yenyewe iliishia pale. Inayofuata sikuletewa. Niwarudishe watu nyumbani bila mwisho?"

"Ukatunga."

"Watu wanapenda kulia, Bibi. Wakilia wanarudi."

Nikamwambia kilio alichouza kimehamia kwangu, aje akiondoe. Kaja. Kamweleza Skola yote, macho chini, kofia mkononi. Mtu mzima na ndevu zake.

Jumanne, 17 Januari

Haikusaidia. Skola kanuna. "Hata kama, Bibi. Nimeamua mwenyewe. Nampenda baba."

Hapo ndipo nilipouona ubaya mkubwa wa katuni ile, na huo si wa Bosco peke yake. Kila anayeteseka mle ni mzuri. Akilia, mwanga unamzunguka. Kuacha kitu kumechorwa kukapendeza kuliko kukishika. Kesho yake haichorwi. Hawamchori akiwa mama mtu mzima, vidole vyeusi, anazunguka kutafuta wa kumsomea cheti cha dawa. Hao nawajua. Wengine nimewazika.

Sikumpiga. Nimemkalisha nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, nikamwekea fito na lundo la majani. Majirani hawapo, wa kumsifu hayupo. Funga. Kafunga mpaka jua likainama. Nikamuuliza, baba unampenda bado? Ndiyo. Na hii kazi, mpaka uzeeke? Nikaona koo linameza.

Nikamwita Deus. Nikamwambia, sema kwa mdomo wako, mtoto akusikie, kwamba unataka abaki. Usininyamazie. Kasimama pale na mgongo wake. Hakuweza.

"Aende, Mama." Kama mtu anayeng'olewa jino.

Skola akalia. Machozi na makamasi, mdomo umepinda, uso mbaya kabisa. Hakuna ambaye angemchora. Hicho ndicho kilio nilichokiamini.

Alhamisi, 19 Januari

Treni imeondoka. Skola yumo. Kaniaga kwa mkono wa baridi, bado ana hasira na mimi. Sawa.

Mchana Deus kajaribu kuinamia majani. Kashindwa. Kageuka ukutani nisimwone.

Kesho akae kwenye kigoda, anipokeze majani mawilimawili, nifunge mimi. Asiiname.