Wiki ya Hajji Marjani Kisiwani

Arua, Jumapili baada ya adhuhuri

Mwenzangu Mwanakombo,

Pokea salamu zangu, uzigawe na kwa watoto, usizimalize peke yako. Mgongo wa mama umepoa? Na paa la jikoni lile, lingali likivuja kwenye jiko au limehamia pengine? Mimi ni mzima, ila nimeumwa na mbu mpaka mahali nisipoweza kujikuna mbele za watu.

Barua yako nimeipata. Mstari mmoja tu: "Rukia ataolewa mwezi wa Mfungo Mosi, njoo umwoze." Nikajua umekasirika, maana ukiwa na furaha wewe karatasi haikutoshi. Usinikasirikie bado, mke wangu. Ruhusa yangu imepitia kisiwani, na lazima nikueleze njia yote.

Tajiri wangu, Hajji Marjani, ana duka hapa Arua lakini jamaa zake wako Koboko, na haipiti siku bila mgeni sebuleni. Wa Koboko wanakuja kumsalimu, wa Dranya wanakuja kuwasalimu wale waliokuja kumsalimu, na wote wanakunywa chai niliyoipika mimi. Mwisho presha ikampanda. Daktari akamwambia apumzike wiki nzima mahali pasipo na watu. Hajji akaniita jikoni.

"Salimu, Mombasa iko kisiwa?"

"Ndiyo, Hajji."

"Basi wewe najua kisiwa. Tafuta moja ya kukodi. Mimi na bibi yangu Mama Hawa tu, na wewe ya kupika. Fanya bajeti."

Mwanakombo, kisiwa mimi nakijua kwa kuzaliwa tu! Sijawahi kukodi hata chumba cha pili. Lakini nilisimama wima kama bwana shauri, na kwa vile alikuwa ananihitaji, nikamtajia harusi ya binti yangu. Akafikiri kidogo.

"Bajeti yako ikitosha wiki muzima, na nusu gunia ya sukari ikirudi nyumbani, wewe nakwenda kuoza binti, tiketi juu yangu. Sukari ikiisha, nangoja mwaka ingine."

Huku sukari siku hizi haionekani madukani, na gunia lile alilipata kwa njia zisizofaa kuandikwa. Basi harusi ya mwanetu ikawa imo ndani ya gunia.

Nilishuka mpaka Mto Nile, upande wa Rhino Camp, nikampata mjane mmoja, Mama Candiru, mwenye kisiwa cha mihogo na vibanda viwili. Nikatoa noti. Akaziangalia kama majani makavu.

"Shilingi iko mingi, duka hapana kitu. Leta sabuni. Leta chumvi."

Tulivutana mpaka koo likanikauka. Tukapatana miche ya sabuni na debe la chumvi, vyote mbele, vya wiki nzima. Nikamuuliza habari ya wale viboko waliokuwa wamelala majini wakitutazama.

"Kiboko iko jirani," akasema. "Salimia, pita."

Bajeti yangu, nakwambia, ilikuwa nzuri. Samaki wa mtoni, mihogo ya palepale, mchele kidogo, na sukari kwa mkono wa birika. Hajji ni mtu wa vijiko vinne. Nikamtilia viwili, nikakoroga muda mrefu ili asikie kelele ya kijiko. Alikunywa akasema ni tamu.

Kosa halikuwa katika sukari. Kosa ni kwamba Hajji alikataa kuaga. "Nikiaga mutu moja, Koboko yote nakuja kunisindikiza." Tukatoka alfajiri kwa pikapu ya kukodi, mlango ukafungwa, hata jirani hakuambiwa. Nawe unasikia redioni tunavyoishi huku. Siku hizi mtu akitoweka kwake bila kuaga, watu hawaulizi amekwenda wapi. Wanaanza kulia.

Mwanzoni ilikuwa raha. Hajji alilala, akala, akatazama maji. Siku ya tatu akaanza kuniuliza ni nani sasa anakunywa chai kwake Arua. Asubuhi iliyofuata nilimkuta ukingoni akimwamkia kiboko, anamuuliza na habari za nyumbani. Nikasema presha imeshuka, sasa kinapanda kitu kingine.

Siku hiyohiyo tukasikia vilio ng'ambo ya mto. Wanawake wengi, wanaomboleza hasa.

Hajji akaweka kikombe chini. "Nani amekufa?"

Mama Hawa akatega sikio. "Wewe," akasema.

Kumbe dada yake Hajji, Bi Zena wa Koboko, alikuja kumsalimu akakuta nyumba imefungwa, duka limefungwa, bwana hayupo, bibi hayupo. Matanga yakawekwa. Halafu dereva wa pikapu akasema aliwashusha watu hao mtoni, na waliposikia neno mto wakakata tamaa kabisa. Walikuja kutafuta maiti, na sanda wamebeba.

Mtumbwi wa kwanza ulimleta Bi Zena. Akamwona kaka yake na kanzu yake, na kikombe pembeni. Akavua kiatu akampiga nacho begani, akamkumbatia, akampiga tena.

"Wewe iko hai, na hapana ambia mutu?"

Mitumbwi ikaendelea kuleta watu mpaka kisiwa kikajaa, na watu waliokuja kulia hawarudishwi bila chai. Hajji akaniangalia. "Pika, Salimu."

Nilikuwa nimekwisha lificha gunia chini ya mihogo. Mama Hawa akalifukua, akanipa. Nikapika, mke wangu. Kila kijiko nilichotia nilimwona Rukia akiozwa na ami yake, mimi niko huku nakoroga. Walikunywa kwa furaha ya kumpata mtu wao, wakaomba tena. Alasiri nilikung'uta gunia, nikalikunja, nikaenda nyuma ya kibanda nikalia. Sioni haya kukwambia.

Hajji akanifuata. "Nusu yangu iko wapi?"

Nikampa gunia limekunjwa. Akalishika, akageuka kumtazama Bi Zena, aliyekuwa amelala usingizi mzito mkekani, kiatu kimoja mkononi.

"Huyu nalia siku tatu, na mimi nakunywa chai," akasema. "Binti yako nangoja toka lini?"

"Mwaka wa pili huu, Hajji."

Akanirudishia gunia. Kisha akasema, "Enda. Lakini aga kwanza. Aga kila mutu."

Tulirudi Arua na umati wetu kabla wiki haijaisha. Nilijaribu kumdai Mama Candiru sabuni ya siku zilizobaki, akanionyesha nguo zake kambani, nyeupe pe. Tangu hapo naaga, Mwanakombo. Nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ni chai, na kesho napelekwa Koboko kumuaga Bi Zena, maana ameapa nisipofika ataweka matanga yangu. Tiketi ya treni kutoka Pakwach ninayo, nimeishonea ndani ya koti.

Nisalimie mama mkwe wangu na mgongo wake, na dada yangu Fatuma, na somo yake Rukia anayemfunda, mwambie asimfundishe mtoto ukali wako wote. Ami Omari msalimie sana, lakini mwambie asifue kanzu. Kumwoza binti yangu nitamwoza mwenyewe kwa sauti yangu.

Na nikichelewa kidogo njiani, usilie wala usimruhusu mtu kulia. Niko hai, na nimekuambia.

Mumeo anayekuja,
Salimu